Mwalimu na Fimbo za Wenzake

Kwa Mwalimu, watu wa dunia hii waligawanyika mafungu mawili: wanaojua kuchagua fimbo ya kupandia mlima, na sisi wengine. Fungu la kwanza lilikuwa na mtu mmoja. Alikuwa akiishi Nyahanga, hapa Kahama, nyumba ya nne kutoka kwenye duka langu la dawa, na kila Jumamosi asubuhi alisimama mbele yetu, mikono nyuma, akitukagua kama vile bado tuko mstarini.

Mimi alinifundisha jiografia sekondari. Baadaye nikawa jirani yake, na baada ya daktari kunitisha kuhusu presha, nikawa mwanachama wa kikundi chake cha matembezi. Kwa hiyo nina haki ya kumsema, na nitaitumia yote.

Kikundi chenyewe si cha kutisha. Ni wastaafu, wafanyabiashara wa mchele, katekista mmoja mwenye kitambi, na akina mama ambao sukari imewaamsha kitandani. Tunapanda vilima vya mawe nje ya mji, vile ambavyo wachungaji wa mbuzi wanavipanda wakiwa na ndala. Mwaka mara moja tunakodi gari twende mbali zaidi, milima ya Geita. Na ipo ndoto ya Kilimanjaro, ambayo Mwalimu ameitunza sebuleni kwake katika ramani kubwa ukutani, yenye njia zilizochorwa kwa wino mwekundu. Siku moja katekista alimuuliza, bila ubaya wowote, kama yeye mwenyewe aliwahi kufika kule juu.

"Mlima ule nimeufundisha miaka thelathini," Mwalimu akamjibu.

Katekista akaomba radhi. Mpaka leo sielewi aliomba radhi ya nini.

Sasa somo lenyewe. Fimbo, kwa mujibu wa Mwalimu, haichaguliwi kwa macho. Unasimama wima, unaishika, na kiwiko chako kinatakiwa kukunjika nyuzi tisini kamili. Yeye alikuja na kipimapembe cha mbao, kile kikubwa cha ubaoni alichostaafu nacho, akakibandika kwenye mkono wako hadharani. "Nyuzi mia na tano," alisema kwa huzuni, na wewe unaona aibu kana kwamba umekutwa na ugonjwa. Mpini uwe wa gome jepesi lile la vizibo vya chupa, kwa sababu sponji inanyonya jasho na mpira unachubua. Kibanio cha kurefushia na kufupishia fimbo kiwe cha kubana, si cha kuzungusha, maana cha kuzungusha kikiingiwa na vumbi la Shinyanga kinalegea ukiwa katikati ya mteremko. Kwenye mkanda wa mpini unaingiza mkono kutokea chini, halafu ndipo unashika. Ukiingiza kutokea juu alikusimamisha, akakuvua, akakuanzisha upya. Alumini inapinda, ikakupa nafasi ya kujuta. Kaboni haipindi, inavunjika siku moja bila kukuaga. Na fimbo ni mbili. Hili alilisema kila wiki. "Mtu anayepanda na fimbo moja ni sawa na aliyevaa kiatu kimoja."

Tulimsikiliza kwa sababu alijua, lazima niseme hivyo. Mama mmoja muuza mchele, aliyekuwa akishuka ngazi za kanisa kinyumenyume, alipewa fimbo mbili na Mwalimu na mwezi wa pili alikuwa anatupita sote. Ujuzi wake haukuwa wa uongo. Kilichoudhi ni namna alivyoubeba.

Mfano ni siku ya mizani. Alikuwa amepata jozi mbili za fimbo, za alumini na za kaboni, akitaka kujua zipi nyepesi. Mtu mwingine angezishika mkononi. Mwalimu alizipeleka kwa mnunuzi wa dhahabu, mwenye mizani ile inayoona hata punje, akapanga foleni nyuma ya wachimbaji waliotoka Bulyanhulu na vipakiti vyao vya nailoni. Ilipofika zamu yake akaziweka fimbo juu ya kile kisahani kidogo. Zikaanguka. Akaziweka tena.

"Mwalimu," mnunuzi akasema, "hapa tunapima vitu vya maana."

"Goti lako lina thamani gani?" Mwalimu akamuuliza.

Mnunuzi aliwaangalia wachimbaji, wachimbaji wakamwangalia Mwalimu, na mmoja akacheka mpaka akaangusha pakiti yake. Wote wakainama kumsaidia kuitafuta. Mwalimu alisubiri hadi ikapatikana, kisha akaomba zamu yake iendelee. Niliyasikia haya kwa watu watatu tofauti kabla ya saa sita mchana, na katika hao wote hakuna aliyekumbuka zipi zilikuwa nyepesi.

Ila kilele chake kilikuwa fimbo za mitumba. Belo moja lilifunguliwa sokoni na ndani yake, katikati ya makoti mazito ambayo hapa kwetu hayana mnunuzi, mkatoka fimbo ndefu za chuma zenye visahani vya plastiki karibu na ncha. Muuzaji hakujua ni nini. Alisema ni antena. Watu wawili walishanunua za kutundikia chandarua Mwalimu alipotokea, akashika moja, akainusa, akatangaza kwamba hizo ni fimbo za Wazungu za kutelezea kwenye theluji. Akatoa mhadhara hapo hapo juu ya theluji, mwendo wake, aina zake, huku jua likituchoma utosini. Akatushawishi tuzinunue zote. Zilikuwa hazirefushwi wala hazifupishwi, lakini hilo halikuwa tatizo kwake: fundi wa kuchomelea mageti angezikata, kila mtu kwa kiwiko chake.

Vipimo alivichukua Jumapili, nje ya kanisa, baada ya misa ya pili, maana ndipo tulipokuwa wengi. Alipita na kipimapembe chake na daftari, akaandika. Hakuna aliyewaza kwamba sisi akina mama siku ya Jumapili tumevaa viatu vya visigino virefu. Mwalimu wa nyuzi na vipimo hakutazama chini hata mara moja. Jumamosi iliyofuata tukafika mlimani na raba zetu, tukashika fimbo, na mikono yetu ikawa juu karibu na mabega. Tulipanda kilima kizima kama watu waliokamatwa na polisi. Wachungaji waliacha mbuzi wao wakaja kututazama.

"Mwalimu," nikamwambia, "ulitupima na visigino."

Akanitazama, akazitazama raba zangu, akatazama kilima.

"Hizo ni za kushukia," akasema.

Sasa sikilizeni kuhusu fimbo zake nyingine, kwa sababu sitaki msomaji ampende haraka. Kabla ya fimbo za kupandia milima, mtu huyu alikuwa bingwa wa fimbo za kuchapia. Shuleni alitutuma wenyewe tukakate za mpera, na tukirudi nazo alizikagua moja moja kwa utulivu uleule: aliikunja, akaisikilizia, akaipitisha hewani. Iliyokuwa nyembamba alikurudishia ukatafute nyingine. Mimi alinichapa viboko vinne mbele ya darasa kwa kushindwa kutaja mito inayoingia Ziwa Viktoria, na aliyeikata fimbo ile vizuri, kwa kutaka sifa, nilikuwa mimi. Mito ile naijua mpaka leo. Sijamsamehe. Alipokuwa akinifunga mkanda wa fimbo kwenye kifundo cha mkono, polepole, akiuliza kama unabana, nilikuwa nikiitazama ile mikono na kujiuliza upole huo ulikuwa umefichwa wapi wakati nina miaka kumi na minne.

Nimesema fimbo ni mbili, na kwamba alilisema kila wiki. Sasa jambo lenyewe ni hili: yeye hakuwa nayo hata moja. Miaka yote ya kikundi, hakuna aliyemwona Mwalimu na fimbo mkononi. Alipanda mikono nyuma. Wageni walidhani ni ushujaa. Sisi wa huku tulijua sababu, ingawa hakuna aliyeitamka. Kwa Wasukuma, fimbo moja ni heshima. Mchungaji anaiweka mabegani na kuitundikia mikono, mzee anakwenda nayo kikaoni, na hainunuliwi, unaikata mwenyewe porini. Fimbo mbili ni kitu kingine. Fimbo mbili ni za aliyepooza, za aliyeanguka kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, akavunjika nyonga. Ukipita barabarani na fimbo mbili watu wanakupa pole kabla hujawasalimia, na akina mama wanawavuta watoto wao pembeni wakupishe. Sisi wenzake tuliizoea pole hiyo. Yeye aliweza kufundisha fimbo mbili siku nzima, lakini kuipokea pole yake hapana.

Niliona hivyo waziwazi Geita. Tulipita njia inayokatiza kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, na vijana waliokuwa wamepumzika juu ya mifuko ya mawe wakatuona, watu kumi na watatu, fimbo ishirini na nne.

"Poleni wazee!" mmoja akapaza sauti. "Mmetoka hospitali gani?"

Tulicheka. Katekista alimpungia fimbo. Mwalimu ndiye hakucheka. Aliongeza hatua mpaka akawa mbele yetu kama mita ishirini, akatembea peke yake, mtu asiyetujua. Aliendelea hivyo mpaka maduara yalipoisha. Kurudi, kwenye mteremko, nilimwona ameketi juu ya jabali anajiburuta kwa makalio, hatua kwa hatua, ameshikilia vichaka. Nikamuuliza kama yuko salama.

"Nasoma miamba," akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni, na siku ile kulikuwa na baridi.

Goti lake nililijua mimi kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu ya biashara yangu. Alianza kuja dukani kununua dawa za maumivu, akisubiri wateja wengine waondoke. Alisema ni za mkewe, Mama Kulwa. Siku moja Mama Kulwa akaja kununua sabuni, nikampa pole ya magoti.

"Magoti ya nani?" akasema. "Mimi nalima, mwanangu. Nenda kamwulize huyo bosi wenu anayelia akiinuka chooni."

Mara iliyofuata nikamwambia Mwalimu sitampa kitu bila karatasi ya daktari. Akaenda, akarudi nayo, akaiweka juu ya kaunta kwa ncha za vidole. Daktari alikuwa ameandika waziwazi. Goti la kulia limelika. Mgonjwa atembee kila siku ili misuli isife, lakini kila anapotembea awe na fimbo mbili, tambarare na mlimani. Akiendelea bila fimbo, hautapita mwaka kabla hajawa mtu wa kiti cha magurudumu.

"Unaona mwandiko huu?" Mwalimu akaniuliza. "Huyu hakupita mikononi mwangu."

"Mwalimu, umesoma alichoandika?"

"Nimesoma. Nipe zile za miligramu mia nne."

Nikamwambia vidonge vile havitibu goti, vinalinyamazisha tu, na akizidisha vitamla tumbo na figo. Akasema anajua. Nikamwambia yeye ndiye aliyenichagulia mimi fimbo, na goti langu halina hata doa. Akasema anajua. Kisha akanyoosha mkono. Na mimi nikampa. Nilimpa wiki ile, na iliyofuata, na miezi iliyofuata. Kila Jumamosi nilipomwona akipanda mikono nyuma, nilijua ni vidonge vyangu ndivyo vinavyopanda. Ningeweza kumnyima. Ningeweza kumwambia mbele ya kikundi. Lakini nilikuwa na kale kafuraha kabaya, kafuraha ka mtu aliyechapwa, kuona bingwa wa fimbo ameshindwa na somo lake mwenyewe. Sijivunii, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Halafu akaacha kuja. Mwezi mmoja, wa pili. Niliamini amehamia duka jingine, lenye muuzaji asiyeuliza. Jumamosi bado alikuja mlimani, ingawa sasa aliishia chini, kwenye kivuli cha jabali la kwanza, akisema kiongozi mzuri huwaacha watu wajitegemee. Na Alhamisi alitoweka kabisa. Alipanda basi la asubuhi, akarudi na la jioni.

"Anakwenda Shinyanga kufuatilia mafao yake," Mama Kulwa alituambia.

Hakuna aliyeuliza zaidi. Mwalimu mstaafu anayefuatilia mafao anaweza kupotea kila wiki mpaka kiama na mtu asishangae. Sijui kama angeweza kuchagua uongo bora zaidi, na kuchagua alikuwa anajua.

Mwaka huu, baada ya mavuno, nilikwenda Maganzo kumwona dada yangu. Ana mgahawa kando ya barabara kuu, pale madalali wa almasi wanapokunywa chai huku wakidanganyana. Ilikuwa Alhamisi, lakini siku haikuniambia kitu. Niliingia jikoni kumsaidia, nikaenda kuchukua ndoo nyuma ya friji, nikakuta kipande cha turubai na juu yake mfuko mrefu wa kitambaa umelala mtupu. Ulikuwa umeshonwa vizuri, kwa mkono, na ndani umegawanywa sehemu mbili.

"Usiuguse huo," dada akasema. "Ni wa mlemavu mmoja. Namtunzia fimbo zake."

"Mlemavu gani?"

"Mzee mmoja wa mbali huko. Anakuja kila Alhamisi, anazichukua, anatembea mpaka karibu na Mwadui na kurudi, halafu ananiachia. Wanamwita Mzee wa Miguu Minne. Kazaliwa hivyo, maskini. Lakini ana bidii huyo! Na fimbo zake hata kwa almasi hapati mtu. Siku ya kwanza dalali mmoja alitaka kuzinunua, mzee akamweka chini akamfundisha saa nzima."

Nikaiweka ndoo chini. Nikauliza kama huyo mzee hutumia vidonge vyovyote. Dada akasema hajawahi kumwona na kidonge, humeza uji tu na maandazi mawili. Halafu akachungulia dirishani.

"Si yule anarudi?"

Nilitoka nje. Kutoka upande wa Mwadui, kwenye ukingo wa lami, mtu alikuwa anakuja kwa mwendo ambao nilikuwa sijauona kwa miaka. Hakuwa anachechemea. Fimbo ya kushoto ilikwenda na mguu wa kulia, ya kulia na wa kushoto, viwiko nyuzi tisini, mikanda imeingiwa kutokea chini. Mpini wa gome. Vibanio vya kubana. Wapiga debe walimpa pole na yeye akaipokea, "Asante, asante sana," akiendelea kukata hatua. Kijasho chepesi kilikuwa usoni, na nasema kweli, alikuwa anatabasamu. Huyu aliyesafiri nusu ya mkoa ili awe kilema mahali ambapo hakuna anayemjua, alikuwa anatembea vizuri kuliko mtu yeyote barabarani.

Nilitaka kucheka. Nilikuwa nimemwekea kicheko hicho tangu kidato cha pili. Badala yake nilichosikia ni furaha, na hasira, hasira ya kumwona mtu amelipa nauli ya basi kila wiki kukwepa macho yetu. Na macho yangu yalikuwa ya kwanza.

Alifika mbele yangu kabla sijaamua la kufanya, na mdomo ukafanya kile ulichozoea.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba," akasema. Lilimtoka lenyewe. Kisha akasimama. Alizitazama fimbo, moja halafu nyingine, akanitazama mimi, akatazama mgahawani alipokuwa dada yangu amesimama mlangoni na kitambaa begani.

"Lakini umenifananisha, mama," akasema. "Mimi si mwalimu."

Gari la mizigo likapita, likatufunika vumbi sote wawili. Hakusogea, na mimi sikusogea. Mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania mipini.

"Nisamehe, baba," nikasema. "Nimekufananisha. Kuna mzee wetu huko Kahama, mmefanana sana."

Akaitikia kwa kichwa. Nikampisha, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, halafu akageuka, fimbo zote mbili chini.

"Huyo mzee wenu," akauliza, "anatembea na fimbo?"

"Hapana, baba," nikasema. "Hatujawahi kumwona nayo."

"Haya," akasema, akaingia ndani kunywa uji wake.